Isipokuwa kwa Jamaa wa Damu

Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa
9 Februari 2025

Mwanangu Lewis,

Salamu kwako, kwa mkeo Wendy na kwa mapacha. Mimi mzima, ila goti la kushoto limeacha kunitii, na ngazi za nyumba hii ya Jaffar ni ishirini na mbili, kwa hiyo siku hizi kanisani nafika wakati wa matangazo. Baba yako mdogo Gunga alipita hapa wiki jana kutoka Bamba. Amekonda. Mahindi yamekauka tena na sasa anachoma makaa. Yeye na mkewe wanawasalimu nyote, na binti yao Joy wanamsalimu zaidi.

Utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Tangu Krismasi tumezungumza mara nne, na mara zote nne mtandao umekatika nilipofika kwa Joy. Nikiuliza habari za Mheshimiwa mbunge wako, mtandao mzuri. Nikiuliza mapacha wameota meno mangapi, nasikia hadi kijiko kikianguka jikoni kwenu. Nikisema "Na Joy?", basi: "Halo, halo, shangazi, sikusikii." Karatasi haina mtandao wa kukatika. Nijibu hapa hapa: Joy yuko shule gani, na darasa la ngapi?

Nakukumbusha, maana umekuwa mtu mkubwa. Miaka mitatu iliyopita ulikaa sebuleni kwangu, ukala mahamri na mbaazi mpaka sahani ikabaki nyeupe, ukaniambia kwamba mtoto wa Gunga akiendelea kukaa Bamba akili yake itaoza. Ukasema Nairobi utamsomesha. Joy alikuwa na miaka kumi na mmoja, yuko darasa la tano, wa tatu kati ya watoto sitini. Mimi ndiye niliyekwenda kwa Gunga na mkewe nikasema mtoto atasoma. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja, na kila kilichosemwa mbele yangu nilikiandika, hata kikohozi cha wakili. Siku ile sikuandika neno. Baina ya ndugu kuandikiana ni aibu, si ndiyo?

Juzi nimemsikia Mheshimiwa redioni akisema ataleta mswada wa kuongeza adhabu kwa wanaowatumikisha watoto. Nilijua maneno ni yako, maana yeye mwenyewe tangu achaguliwe sijamsikia akimaliza sentensi. Hongera. Nasubiri jibu.

Shangazi yako,
Mapenzi Kaingu


Nairobi
27 Machi 2025

Kwako Shangazi Mapenzi,

Pokea heshima zangu. Niwie radhi kwa kuchelewa. Kazi za kamati zimetubana, na mapacha walikuwa na homa. Wendy amerudi kazini benki na anakusalimu sana. Pole kwa goti. Jaribu kulichua kwa mafuta ya moto kabla ya kulala.

Joy anaendelea vizuri sana na amekuwa mrefu. Kuhusu masomo, bado tunaangalia shule itakayolingana na kipaji chake. Mambo ya Nairobi hayaendi kama ya huko, shangazi. Hapa mtoto hapelekwi tu shule yoyote.

Sasa nije kwenye jambo kubwa. Mswada wetu umepokelewa vizuri na wadau. Mtu atakayepatikana anamtumikisha mtoto atakwenda jela miaka mitano bila njia ya kulipa faini. Mwezi wa Septemba kamati itakuja Mombasa kukusanya maoni ya umma, na Mheshimiwa angependa tuwe na picha na simulizi za kugusa moyo. Nimefikiria watoto wa jaa la Kibarani, wale wanaookota chuma na plastiki. Unaweza kututafutia watano au sita? Wawe wadogo, na nguo zao zisiwe safi sana. Tukipata pia msichana mmoja wa kazi za nyumbani kutoka Majengo atakayekubali kulia mbele ya kamera, itatusaidia mno.

Wewe unaheshimika huko. Jambo hili litajenga jina la ukoo wetu.

Mwanao,
Lewis Jefwa


Kibokoni
3 Aprili 2025

Lewis,

Nashukuru kwa salamu, na kwa ushauri wa mafuta ya moto kutoka kwa mtu aliyekataa kunipandishia mtungi wa gesi ngazini alipokuja. Gunga ameuza makaa yote lakini pikipiki ya kubebea ikala faida. Mkewe ameanza kusuka makuti. Wazima.

Kibarani. Kaka yangu Jefwa alikusomesha hadi chuo kikuu, na hujui kwamba jaa la Kibarani lilifungwa miaka mingi iliyopita. Pamepandwa miti na nyasi, na watu wa Jumapili huenda pale kupunga upepo. Mnataka watoto wachafu nanyi mmechelewa. Au mlitaka niwapake masizi mwenyewe? Na huyo msichana wa Majengo wa kulia mbele ya kamera, mmempangia alie kwa muda gani? Niambie nimfanyishe mazoezi.

Ila la adhabu naliunga mkono, nawe unajua kwa nini. Nilikuwapo mahakamani, na nitakueleza kesi moja tu. Mama mmoja, mke wa mtu mwenye malori, aliletwa kwa kumtumikisha mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye alikuwa akifua nguo za watu tisa. Hakimu akasoma kifungu, akatoza faini iliyoandikwa. Mume akatia mkono mfuko wa shati, akalipa, hata pochi hakufungua. Nikaandika risiti. Wakiteremka ngazi namsikia yule mama akiuliza kama pilau ya mchana itakuwa imepoa. Yule mtoto alikuwa bado amekaa kwenye benchi la nyuma, na hakuna aliyeniambia niandike anakwenda wapi. Kwa hiyo ongezeni. Ongezeni mpaka mfuko wa shati usitoshe.

Hujajibu swali. Uliniandikia kurasa mbili, na Joy akapata mistari minne. "Tunaangalia shule." Mnaiangalia miaka mitatu? Hata mtu anayechagua mke huwa ameshaoa, ameacha, na ameoa tena. Nitumie karatasi yake ya matokeo ya muhula, yenye muhuri wa shule. Sitaki kingine.

Mapenzi Kaingu


Nairobi
11 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Natanguliza salamu za familia nzima. Mapacha wanatembea sasa, na nyumba imekuwa uwanja wa mpira. Nimesikitika kwamba barua yako iliyopita ilikuwa na ukali. Nimekwambia mara nyingi kwamba nakuheshimu kuliko wazazi wengi walio hai.

Nakutumia rasimu ya mswada, kwa kuwa wewe ni mtu wa sheria na nimeona utafurahi kuisoma. Pia nakutumia picha ya Joy akiwa na sare ya shule. Nadhani hili litatuliza mawazo yako. Karatasi za matokeo zitafuata baadaye, maana mwalimu mkuu yuko likizo.

Mheshimiwa amefurahi sana na rasimu, na kuna fununu kwamba akipewa uwaziri nitapandishwa cheo. Tuombeane.

Wako mtiifu,
Lewis


Kibokoni
16 Juni 2025

Lewis,

Gunga na mkewe wazima. Jaffar amepaka chokaa ngazi, na mimi nimeteleza mara moja tu. Salamu zimekwisha.

Picha nimeipokea. Unasahau ni vielelezo vingapi vimepita mikononi mwangu na kubandikwa namba. Hiki nakibandika namba moja. Sweta ina mikunjo ya dukani, mmoja kifuani na mmoja kwenye kila mkono. Haina nembo ya shule yoyote. Soli za viatu ni safi, nami naziona kwa sababu mtoto amekalishwa kwenye kochi, miguu imenyooshwa mbele. Na vidole vya Joy, Lewis. Vidole vya mtoto wa miaka kumi na minne vimekunjamana na kupauka kuliko vyangu. Nilimwonyesha Jaffar, ambaye hana macho mazuri wala hajui ugomvi wetu. Akaisogeza dirishani, akaniuliza, "Bi Mapenzi, mtoto huyu yuwasoma au yuwafua?"

Jumanne, saa tano asubuhi, siku ya shule, niliipigia ile simu ya zamani ya Wendy mnayoiacha nyumbani. Akapokea Joy. "Shangazi!" akasema, akafurahi mpaka nikaona haya. Nikamuuliza mbona yuko nyumbani. Akasema, "Mapacha wamelala, na mimi nina nguo kwenye maji. Bamba kumenyesha?" Nikamwambia bado. Akasema atanipigia akimaliza kuanika. Hajapiga, na namba hiyo sasa haipatikani. Mmechukua hata simu.

Tuje kwenye rasimu. Nimeisoma yote, maana nimezoea kusoma mpaka mwisho, ambako ndiko watu huficha mambo. Kifungu cha kumi na nne, ibara ya tatu: "Adhabu zilizotajwa hazitatumika kwa mtu anayeishi na mtoto ambaye ni jamaa wake wa damu, iwapo mtoto huyo anasaidia kazi nyepesi za nyumbani." Mswada mzima unanguruma. Miaka mitano jela, hakuna faini, leseni kufutwa. Halafu pale ukurasa wa kumi na moja kuna mlango mdogo wa uani, umetengenezwa kwa kipimo cha mwili wako. Nani aliuandika?

Usiniambie wadau. Nakufahamu unavyoandika tangu ukiwa darasa la nne, ulipokuwa ukijitengenezea barua za ruhusa ya ugonjwa kwa jina la marehemu baba yako. Hata wakati ule ulipenda neno "iwapo".

Mtoto aanze shule. Kama si Nairobi, mrudishe hapa, na Januari nitampeleka shule mimi mwenyewe, kwa pensheni yangu hii hii. Sikuombi kitu kingine duniani.

Mapenzi Kaingu


Nairobi
2 Agosti 2025

Shangazi,

Nimekaa na barua yako wiki sita kwa sababu kila nilipoanza kuijibu nilikosa adabu. Leo nitajaribu. Watoto wazima. Wendy haujui ugomvi huu na naomba asiujue.

Wewe unazungumza kama mtu aliyezaliwa ofisini. Wewe mwenyewe ulilelewa kwa mjomba wako Changamwe. Ulichota maji, ulipika, ulibeba watoto wa mkewe mgongoni. Umenisimulia mara mia moja, tena kwa majivuno. Lakini hukumshitaki mjomba wako. Hukumwita mhalifu. Ulimzika kwa heshima. Kwa nini Joy akishika ufagio kwa kaka yake iwe jinai?

Na nikimrudisha, atarudi kwenye nini? Gunga anachoma makaa. Ng'ombe wamekufa. Mwaka mmoja pale Bamba na Joy ataolewa na mwenye pikipiki. Hapa anakula mara tatu. Ana kitanda. Anaangalia televisheni. Mimi nawalipa watu kumi na wawili wa ukoo huu ada, dawa na mazishi, na hakuna hata mmoja anayeniandikia barua za namna hii.

Kifungu cha kumi na nne kinalinda familia za Kiafrika. Bila hicho kila nyumba nchini itakuwa jela. Mheshimiwa mwenyewe alikiona na hakuuliza.

Septemba kamati inakuja. Jina lako liko kwenye orodha ya watakaozungumza kama mzee wa jamii. Naomba useme kuhusu kesi za mahakamani tu, kama ile ya mke wa mwenye malori. Yaliyobaki ni ya nyumbani. Mheshimiwa akisikia jambo hili nimekwisha, na nikiisha mimi, watu kumi na wawili wataisha nami. Fikiria Gunga anapata wapi hela ya dawa ya kifua.

Lewis


Kibokoni
21 Septemba 2025

Lewis,

Gunga kifua kimetulia. Hiyo dawa uliyonitajia ilinunuliwa mara mbili kwa miaka mitatu, na zote mbili ulinitumia picha ya risiti. Basi tuseme hivyo ndivyo mshahara wa Joy unavyolipwa, kwa sharubati ya kikohozi.

Kuhusu Changamwe. Ni kweli nilichota maji. Nilichota saa kumi na moja alfajiri, na saa mbili kasoro nilikuwa nimekaa darasani, miguu imelowa. Mjomba wangu hakuwa malaika, alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mchafu, lakini asubuhi alisimama mlangoni kuhakikisha nimetoka na daftari. Ukijilinganisha naye nitamtetea kaburini.

Nilisikia kwamba unaumwa na hukuweza kuja Mombasa na kamati. Pole. Ugonjwa wenyewe ulianza lini, ulipoona jina langu halijafutwa?

Kwa kuwa hukuwapo nitakusimulia. Walikodi ukumbi mkubwa kule Makadara, wakatundika bango la mtoto analia ambaye kwa rangi ya udongo nyuma yake si wa pwani hii. Kila aliyeingia alipewa fulana, kofia na chupa ya maji. Kuna mama wa Majengo nyuma yangu alikuwa amepewa fulana ya saizi ya mtoto, akaifunga kichwani. Mheshimiwa alifika saa sita kwa mkutano wa saa tatu. Akasema anawapenda watoto. Watu wakapiga makofi. Akasema tena anawapenda. Nikatazama vijana wake wa kamera, wakampiga picha akimbeba mtoto mmoja, kisha mtoto akarudishwa kwa mwenyewe kama kiti cha kukodi.

Nilipewa dakika tatu. Nilisimama nikaeleza ile kesi ya malori, wakacheka pale kwenye pilau, ingawa sikuona cha kuchekesha. Kisha nikafungua ukurasa wa kumi na moja nikawasomea ibara ya tatu ya kifungu cha kumi na nne. Nikasema kwamba watoto wengi wanaofua na kulea katika nyumba za watu hawakuokotwa barabarani, waliombwa kwa wazazi wao na jamaa wa damu, kwa heshima zote, na ahadi ya shule. Nikasema ibara hiyo ikibaki, mswada utawafunga wageni na kuwaacha wenyeji wa hatia. Yule mama wa Majengo akasema kwa sauti, "Hiyo ndiyo! Hapo hapo, usiwache!" Watu wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja. Wanawake wanne walisimama kutaja watoto wao waliowatoa kwa jamaa.

Mheshimiwa akainama kwenye kipaza sauti. Akauliza, na safari hii alimaliza sentensi: "Mama, unazungumza kama mtu anayemjua mtoto fulani. Huyo mtoto yuko wapi na yuko kwa nani?"

Lewis, nilikuwa na jina lako mdomoni. Nilimwona Jefwa kaka yangu, jinsi alivyokuwa akikutembeza mtaani ulipofaulu mtihani. Nikafikiria watu watakaosema, ukoo wa Kaingu, wanashitakiana. Nikajibu, "Ni mfano tu, Mheshimiwa." Akatikisa kichwa, akaita mtu mwingine.

Nimekudharau mwaka mzima huu, na sikosi sababu. Lakini siku ile nilirudi nyumbani na fulana yao chini ya kwapa, na sikuweza kupita mbele ya kioo. Nakuomba mara ya mwisho. Mlete Joy kabla ya Krismasi.

Mapenzi Kaingu


Nairobi
10 Oktoba 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Asante, asante sana! Nimesikiliza rekodi ya mkutano mwanzo hadi mwisho. Ulizungumza kwa hekima, na pale mwisho ulionyesha kwamba damu ni damu. Sitasahau ulivyojibu. Wendy ananunua leso nzuri akutumie, na mimi nimeweka kitu kidogo kwa simu, nunua dawa ya goti.

Habari ni njema. Baada ya maoni ya Mombasa kamati iliamua kuondoa ibara ya tatu. Mheshimiwa ameipokea sifa kama yake, na gazeti limemwandika kuwa mtetezi wa watoto. Nimethibitishwa kuwa mkuu wa utafiti. Umenijenga, shangazi, hata kama hukukusudia.

Ila sasa, kama unavyoelewa, sheria ikipita mambo yatabadilika na sisi tulio karibu na Mheshimiwa lazima tuwe safi. Kwa hiyo nakubali Joy arudi, baada ya mwaka mpya hivi, au tuseme Aprili, mapacha wakizoea. Tatizo ni nani atashika nafasi yake. Wendy anauliza kama unamjua msichana mwingine wa huko kwetu, mtulivu, mwenye shida, ambaye si jamaa ili pasiwe na maneno. Asiwe mkubwa sana. Wakubwa wanadai siku ya mapumziko. Akiulizwa miaka atasema kumi na minane, sisi tutamwelekeza.

Mungu akuweke.

Lewis


Kibokoni
4 Novemba 2025

Lewis,

Sikusalimu. Wendy nampa pole.

Hela zako nimezirudisha kwa njia ile ile iliyozileta. Leso ikifika nitampa yule mama wa Majengo, ana matumizi ya vitu vya bure.

Barua yako niliisoma mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza nilidhani macho yangu ndiyo mabovu. Unanishukuru kwa kunyamaza, kisha unaniagiza mwingine. Asiwe jamaa, asiwe mkubwa, adanganye umri. Umeandika sheria ya kuwafunga watu kama wewe, na wino haujakauka unanifanya dalali wako. Nimewaona wezi wa ng'ombe kizimbani, Lewis, na wauza bangi, na mwanamume aliyemuuzia mamake kiwanja hewa. Wote wale walijua walichofanya. Wewe peke yako ndiye ambaye ungeapa kwa Biblia na mkono usitetemeke, kwa kuwa kweli unajiona mtu mwema. Nimetafuta neno la kukuita na sikulipata zuri wala baya, kwa hiyo nimekuacha na jina lako.

Jumamosi nilikwenda Bamba. Niliwasomea Gunga na mkewe barua zako zote, tangu ya Machi. Gunga alitoka nje kabla sijamaliza ya Agosti. Mkewe alibaki anasuka makuti, hakuinua uso. Nilipomaliza nikasema, "Wifi, nitamkomesha Lewis." Akaendelea kusuka mpaka mwisho wa kuti. Kisha akasema, "Wifi, Lewis sisi hatukumpa mtoto. Lewis hatumjui, yule huja hapa kwa mazishi na kuondoka kabla ya chai. Mtoto tulikupa wewe."

Nilizikunja barua zako, nikarudi Mombasa.

Jana asubuhi nilikwenda ofisi ya watoto. Nilichukua barua zako, na picha, na daftari nililoandika siku na saa nilizopiga simu. Ofisa ni msichana ambaye hajafika thelathini, mezani ana mafaili mpaka kidevuni, akanipa kiti kabla sijaomba. Amepiga simu kwa wenzake wa Nairobi nikiwa pale pale. Wanakuja kwako kesho asubuhi, Jumatano, na Gunga amepanda basi usiku huu kwenda kumpokea binti yake. Barua hii naipeleka posta nikijua kwamba utaisoma Joy akiwa ameshatoka. Atakaa nami. Nimempatia nafasi katika shule ya karibu na hapa, aanze Januari. Mwalimu alisema mtoto huendelea pale alipoachia, kwa hiyo atakaa na watoto wa miaka kumi na mmoja, yeye akiwa na kumi na minne, na watamcheka. Hilo pia ni kazi yetu.

Mswada wenu haujapita, kwa hiyo utashitakiwa kwa sheria iliyopo. Bado ni nyepesi. Mheshimiwa atasema hakujua, na safari hii atakuwa anasema kweli. Usinipigie kunieleza habari za watu kumi na wawili. Nimeshaanza kuwapitia mmoja mmoja, na mpaka sasa nimewapata watatu tu unaowalipia.

Ofisa aliandika taarifa yangu kwa mkono, mwandiko mzuri, nami nilimtajia taratibu kama nilivyokuwa nikitajiwa mimi zamani. Alipofika penye nafasi ya mtuhumiwa nikataja jina lako kamili. Akaandika. Akapiga mstari chini yake, akataka kufunga faili. Nikamwambia asifunge, kuna wa pili.

"Mkewe?" akauliza.

Nikamwambia hapana. Wa pili ni mtu aliyekwenda Bamba akaahidi shule asiyoijua, akamshika mtoto mkono mpaka Mombasa, akamkabidhi, na kwa miaka mitatu akauliza maswali badala ya kwenda kumchukua. Na alipoulizwa mbele ya watu mtoto yuko wapi, akasema ni mfano tu.

Akashika kalamu, akaniuliza anaitwa nani huyo. Nikamtajia. Aliandika herufi chache, akatazama kitambulisho changu kilichokuwa mezani kwake, kisha akanitazama mimi.

"Mama, lakini hili ni jina lako."

Nikamwambia aandike.

Mapenzi Kaingu